Kisa cha Simbi na Mahakama ya Mbinguni: Juu ya Hukumu ya Mungu na Hofu katika Nyanza Kusini

Fasihi ya Kiswahili imeizungumzia hukumu ya Mungu tangu enzi za tendi za mwambao, na aghalabu imeizungumzia kwa lugha ya kutisha. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausimamisha moyo wake mbele ya magofu ya Pate, kisha mbele ya kaburi, kisha mbele ya moto, ili moyo huo uzinduke. Hofu hapo ni chombo cha malezi. Mshairi hakusudii kumwacha msomaji ndani ya hofu hiyo. Anakusudia kumpitisha humo hadi kwenye toba. Wahakiki wamelikubali jambo hili bila kuuliza swali linalolifuata: mtu aliyezinduliwa na hofu anatakiwa abaki nayo hadi lini?

Ukristo unalo andiko linalolijibu swali hilo kwa ukali usiozoeleka katika mahubiri. Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 4, aya ya 17 na ya 18, unafundisha kwamba upendo uliokamilika humpa mwamini ujasiri siku ya hukumu, na kwamba yule ambaye bado anaogopa hajafika kwenye ukamilifu huo, kwa kuwa hofu ina uhusiano na adhabu. Andiko halisemi kwamba hukumu haipo. Linasema ipo, na kwamba inawezekana kuiendea bila kutishika. Linakwenda mbali zaidi na kuifanya hofu yenyewe kuwa dalili ya upungufu. Msomaji mwangalifu atashtuka, kwa maana hofu ndiyo iliyojaza viti vya makanisa mengi.

Makala haya yanalichunguza dai hilo kwa kulipeleka Nyanza Kusini, wilaya ya zamani ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika kaunti za Homa Bay na Migori. Eneo hili lina makanisa mengi, lakini si idadi yao inayolifanya lifae. Linafaa kwa sababu mambo ambayo kwingineko hupatikana mbalimbali, hapa yanapakana: kisakale cha kijiji kilichoangamizwa kwa kumkataa mgeni, kanisa lenye mafundisho ya kina mno juu ya mahakama ya mbinguni, na historia ya karibuni ya maradhi yaliyowafanya watu wahukumiane kabla ya wakati.

Kisa cha Simbi

Si mbali na mji wa Kendu Bay, katika nchi ya Karachuonyo, lipo ziwa dogo la mviringo lenye maji ya magadi, ambalo huvutia makundi ya heroe. Wanajiolojia hulieleza kuwa ni kasoko ya volkeno iliyojaa maji. Wenyeji huliita Simbi Nyaima, na jina hilo hufasiriwa kuwa kijiji cha Simbi kilichozama. Kisakale chake husimuliwa kwa namna mbalimbali, lakini kiini hakibadiliki sana. Usiku mmoja kijiji kizima kilikuwa katika karamu ya pombe na ngoma. Akaja bikizee mgeni, mchovu, mwenye njaa, akaomba chakula na mahali pa kulala. Akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea, akampa chakula na nafasi karibu na moto. Bikizee akamwonya aondoke na watu wake usiku uleule. Mwanamke akaenda kumwita mumewe kutoka karamuni, wakatoka. Mvua kubwa ikanyesha, maji yakapanda, na mahali pa kijiji pakawa ziwa.

Visa vya namna hii vimeenea duniani. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia wageni waliokwenda Sodoma. Ovid wa Roma ya kale anawasimulia wazee wawili maskini, Baucis na Philemon, waliowakaribisha miungu waliojigeuza wapita njia, huku majirani waliowafungia milango wakifunikwa na maji. Haina haja kudai kwamba kimoja kimezaa kingine. Tabia hiyo ya kutafuta wazazi wa kila ngano imewapotezea wanafunzi wa fasihi simulizi muda mwingi. Linalostahili kuchunguzwa ni nafasi ya ujuzi ndani ya kisa: nani anajua nini, na wakati gani.

Katika kisa cha Simbi, hadhira huanza kushuku mapema kwamba bikizee si mtu wa kawaida. Wahusika hawajui. Walevi karamuni hawajui kwamba wako mahakamani, na mwanamke aliyefungua mlango naye hajui. Fanani anahitaji kutojua huku, kwa sababu bila hiyo kisa hakina maana. Kama wanakijiji wangalijua kwamba bikizee yule ana amri juu ya maji, karamu nzima ingalimpokea. Angalichinjiwa fahali. Lakini ukarimu wa namna hiyo ungekuwa rushwa kwa hakimu, na hakimu mwenye akili angeutambua hivyo. Mwanamke yule anaokoka kwa sababu tendo lake halikuelekezwa kwenye kuokoka.

Injili ya Mathayo, sura ya 25, kuanzia aya ya 31, ina muundo uleule, na ni ajabu kwamba mahubiri huupita. Mwana wa Adamu anawatenga watu kama mchungaji anavyotenga kondoo na mbuzi. Kipimo ni chakula, maji, mavazi, kumkaribisha mgeni, kumtazama mgonjwa na mfungwa. Kwa kawaida wahubiri hukazia mshangao wa wale waliokosa. Lakini waliofaulu pia wanashangaa. Wanauliza ni lini walipomwona Bwana akiwa na njaa, kwa maana hawana kumbukumbu yoyote ya kufanya jambo hilo kwa ajili ya kesi yao. Yesu hawalaumu kwa kutojua. Inaelekea kutojua huko ni sehemu ya haki yao.

Dai la makala haya linatokana na ulinganifu huo. Kutoiogopa hukumu ya Mungu, kwa maana ambayo Yohana anaikusudia, hakutokani na uhakika alio nao mtu kwamba kesi yake itaamuliwa vyema. Kunatokana na kuiacha kesi hiyo, kwa kuwa macho yake yako kwa mtu mwingine aliyesimama mlangoni. Upendo huifukuza hofu kwa sababu ya kawaida kabisa: mtu hawezi kumtazama mgeni na kujitazama mwenyewe kwa wakati mmoja.

Hapa pana pingamizi lisiloweza kuepukwa. Walevi wa Simbi nao hawakuwa wakiwaza hukumu. Walicheza na kunywa bila hofu yoyote. Ikiwa kutokuwa na hofu ndiko kunakosifiwa, mbona wao wamezama? Pingamizi hili ni zito, na jibu la haraka kwamba wao walikuwa waovu halitoshi, kwa sababu linarudisha hesabu ya mema na mabaya, na pamoja nayo hofu ya kupungukiwa. Jibu la kisa chenyewe ni bora. Utulivu wa karamuni ulikuwa na masharti: ulidumu maadamu mlango umefungwa. Ndiyo maana bikizee alipotokea, ilibidi afukuzwe. Asingefukuzwa angeiharibu karamu kwa kuwapo tu, kwa miguu yake yenye vumbi na njaa yake. Hofu ya walevi haikuwa imeondoka. Ilikuwa imefungiwa nje pamoja na mgeni. Mwanamke aliyempokea hakuwa na kitu cha kufungia nje. Kwa hiyo ziko namna mbili za kutokuwa na hofu ambazo kwa sura hufanana, na kinachozitenganisha ni hodi ya mgeni.

Lipo pingamizi la pili, na hili kisa hakilijibu. Katika kijiji kilichozama walikuwamo watoto. Walikuwamo pengine wagonjwa waliolala, na watu ambao bikizee hakufika milangoni pao. Maji hayakupeleleza. Katika Mwanzo, sura ya 18, Ibrahimu anasimama mbele ya Mungu na kubishania idadi, kuanzia wenye haki hamsini hadi kumi, kwa hoja kwamba haimpasi mwamuzi wa dunia yote kuwaangamiza wema pamoja na wabaya. Simbi hakuna anayebisha. Hukumu yake ni ya haki kwa kipimo chake na si ya haki kwa utekelezaji wake. Mtu anayemwamini Mungu wa namna hiyo angekuwa na sababu nzuri ya kuogopa hata akiwa mkarimu, kwa kuwa jirani yake huenda si mkarimu.

Vitabu vya Gendia

Mwaka 1906 wamisionari wa Waadventista Wasabato walifungua kituo katika kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay, si mwendo mrefu kutoka Simbi. Kiongozi wao alikuwa Arthur Carscallen, na pamoja naye alikuwapo Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Kutoka Gendia kazi ilienea hadi Kamagambo, katika Migori ya sasa. Kiwanda cha uchapishaji kilianzishwa palepale Gendia, na mwaka 1925 ikaanzishwa hospitali ya Kendu. Uadventista ukawa sehemu ya maisha ya Nyanza Kusini kiasi kwamba siku ya Jumamosi katika baadhi ya masoko yake ina utulivu wake wa pekee.

Wamisionari hao walileta fundisho ambalo halipatikani katika makanisa mengine kwa umbo lile. Linatokana na kitabu cha Danieli, sura ya 7 na ya 8, na linafundisha kwamba tangu mwaka 1844 Kristo ameingia katika awamu ya mwisho ya huduma yake mbinguni, ambamo kumbukumbu za wale wanaokiri jina la Mungu huchunguzwa, kuanzia na wafu na hatimaye walio hai, kabla ya yeye kurudi. Kwa Kiswahili fundisho hili aghalabu limeitwa hukumu ya upelelezi.

Neno hilo linastahili kusimamiwa kidogo. Mpelelezi, kwa msikilizaji wa Kenya, ni askari asiyevaa sare. Katika miaka ya 1980, chini ya utawala wa chama kimoja, alikuwa mtu aliyeketi meza ya pili katika hoteli akisikiliza maongezi ya wengine. Upelelezi ulifanywa dhidi ya mtu, haukufanywa kwa ajili yake. Kama wafasiri wangalichagua uchunguzi, neno ambalo daktari na mtafiti hulitumia bila kutisha, huenda muumini wa Kamagambo angalilipokea fundisho hili kwa moyo mwingine. Tafsiri si jambo dogo katika teolojia. Neno moja la polisi linaweza kuigeuza mbingu kuwa kituo cha mahojiano.

Hata hivyo hofu iliyozaliwa na fundisho hili haikuwa ya Waluo peke yao. Ilikuwa tatizo la Waadventista duniani kote: ikiwa jina langu laweza kufikiwa leo, na mimi sina habari, nitalalaje? Mwaka 1979 mwanateolojia wa Australia, Desmond Ford, alilipinga fundisho hilo hadharani huko California, na hoja yake mojawapo ilikuwa kwamba linamnyima muumini uhakika ambao Injili inampa. Mwaka 1980 kanisa lilikutana Glacier View, Colorado, kuyajadili maandishi yake, na baadaye akanyang'anywa kibali cha uchungaji. Mjadala haukuishia hapo. Watetezi wa fundisho wamezidi kusisitiza upande wake wa pili: kwamba mshtakiwa anaye wakili, kwamba katika Danieli hukumu inatolewa kwa faida ya watakatifu, na kwamba Mungu hachunguzi ili apate kujua, bali ili viumbe wote waone kwamba ametenda haki.

Ukiyasoma mafundisho ya Gendia kutoka ukingoni mwa Simbi, jambo hili la mwisho lina uzito ambao pengine wamisionari wenyewe hawakuuona. Maji ya Simbi hayakupeleleza, na mahakama ya Danieli inapeleleza. Inafungua vitabu, mtu mmoja mmoja. Haizamishi kijiji kwa sababu ya karamu. Mtoto aliyelala usiku ule angekuwa na ukurasa wake. Fundisho ambalo limewatisha wengi kwa sababu linaingia katika kila tendo ndilo hilohilo linaloondoa hofu ya kuangamizwa kwa kosa la jirani. Ukamilifu wa uchunguzi unamtisha yule tu anayejiwazia kuwa kesi yake itasimama kwa kufichwa. Pamoja na hayo, lazima isemwe kwamba waumini wengi hawakufundishwa hivyo, walifundishwa kuhesabu.

Kinyume cha kuhesabu, katika historia ya Nyanza, ni uhakika wa waliookoka. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, uliwaleta watu waliotubu hadharani na kutangaza kwamba damu ya Yesu imekwisha kuwaosha. Kwao siku ya hukumu haikutisha, kwa kuwa hukumu yao ilikuwa imepita. Waluo waliwaita Joremb, watu wa damu. Mwaka 1957, baada ya ugomvi ndani ya Kanisa la Anglikana, kundi jingine likiongozwa na Matthew Ajuoga lilijitenga na kuunda Church of Christ in Africa. Hao waliitwa Johera, watu wa upendo. Ugomvi ulikuwa na mambo mengi ya uongozi na madaraka ambayo hayahusu hapa. Lakini majina yenyewe ni uhakiki. Watu wa upendo walikuwa wakisema kwamba uhakika wa watu wa damu uliwafanya wawaone wenzao kama waliokwisha kuhukumiwa. Aliyesadiki kwamba kesi yake imefungwa kwa ushindi anaweza kuwa na muda mwingi wa kusoma mafaili ya wengine, na Yohana hakuusifu ujasiri wa namna hiyo.

Hukumu kabla ya wakati

Katika Dholuo, kutoa hukumu ni kuikata bura, yaani kulikata shauri mbele ya baraza la wazee, na Kiswahili nacho hukata shauri. Bura ina wasemaji na wasikilizaji. Anayeshtakiwa anaweza kujibu. Chira ni kitu kingine kabisa. Ni kukonda na kudhoofika kunakompata mtu, au mtoto wake, kwa kuvunjwa mwiko, mathalani ule wa taratibu za nyumba au za mazishi. Chira haina kikao wala hakimu, na haiulizi kama mtu alikusudia. Paul Mboya, mchungaji Mwadventista aliyekuwa pia chifu wa Karachuonyo, alizieleza mila hizo katika kitabu chake cha Dholuo, Luo Kitgi gi Timbegi, kilichotoka mwaka 1938. Inafaa kutambua kwamba mtu yule aliyehubiri mahakama ya mbinguni ndiye aliyeandika kwa makini habari za adhabu isiyo na mahakama. Alijua watu wake walikuwa wanaogopa nini.

UKIMWI ulipoingia Nyanza Kusini katika miaka ya 1980, ulikuja na dalili za chira. Watu walikonda na kufa. Wengine wakasema mwiko umevunjwa, na mara nyingi mjane ndiye aliyeulizwa. Wengine, mimbarini, wakasema ni hukumu ya Mungu juu ya uzinzi. Kwa nadharia, kauli hizi mbili zinapingana, lakini katika matumizi ziliungana, kwa maana mhubiri aliichukua chira na kuibatiza. Ikawa hukumu ya Mungu isiyo na kikao, isiyouliza, inayosomeka kwenye mbavu za mgonjwa. Marjorie Oludhe Macgoye, mzaliwa wa Uingereza aliyeolewa na Mluo na kuishi Kenya hadi kifo chake mwaka 2015, aliliona hili mapema. Riwaya yake ya mwaka 1997 inauzungumzia ugonjwa huu, na jina aliloipa ni Chira.

Ukubwa wa jambo hili haukuwa wa kinadharia. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018, miongo mitatu baadaye na dawa zikiwa zimekwisha kuenea, ulikuta maambukizi ya asilimia 19.6 kwa watu wazima wa Homa Bay na asilimia 13.0 Migori, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.9. Katika eneo lenye hesabu hizo, mahubiri juu ya hukumu hayakusikilizwa na watu waliowaza kifo cha mbali. Yalisikilizwa na mtu aliyekwisha kuambiwa na majirani hukumu yake ni ipi. Kisha, mwaka 2001, katika hospitali ya Homa Bay, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi. Waliokuwa wamebebwa walirudi mashambani. Kilichosomwa kama hukumu ya mwisho kikawa ni maradhi, na yeyote aliyekitangaza kwa jina la Mungu alikuwa amelitumia jina hilo bila idhini.

Paulo, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 4, aya ya 3 hadi ya 5, anasema mambo mawili ambayo husomwa kwa nadra pamoja. Anawakataza wasomaji wasihukumu kabla ya wakati, hata ajapo Bwana. Na kabla ya hapo anasema kwamba yeye mwenyewe hajihukumu, wala kutojua kosa lake si kibali cha kumwesabia haki. Paulo hana hofu, na hana uhakika pia. Ameiweka kesi yake mahali asipoifikia. Aliyefanya hivyo hana tena sababu ya kuzitafuta kesi za wengine. Anayewahukumu wenzake mapema anafanya hivyo, mara nyingi, kwa sababu angali ameishika kesi yake mwenyewe na anatafuta wa kumlinganisha naye.

Kwa yule aliyehukumiwa mapema, mambo hugeuka juu chini. Katika Zaburi ya 26 na ya 43, mwombaji anamtaka Mungu amhukumu. Anaitaka hukumu kama mtu anayekata rufani. Fasihi ya Kiswahili inao mfano wake ng'ambo ya ziwa hilihili la Viktoria. Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, imeanzia Ukerewe. Rosa amelelewa kwa fimbo na baba mlevi, akaharibikiwa, akahukumiwa na kila mtu, akajiua. Mwandishi hakukubali kesi iishie kaburini; anaipeleka mbele ya Mungu, ambako binti na babake wanakabiliana juu ya lawama. Wakati ule walioikataza riwaya hii mashuleni waliuona uchafu wake. Hawakuona kwamba ni riwaya inayoichukulia hukumu ya Mungu kwa uzito kuliko wao, kwa kuwa inaiomba. Kwa Rosa mahakama ile si tishio. Ndiyo mahakama ya kwanza inayompa nafasi ya kusema.

Katika miaka ile ya maradhi, bikizee wa Simbi alikuwa akibisha hodi katika kila kijiji cha Homa Bay na Migori, kwa sura ya mgonjwa aliyerudishwa nyumbani kutoka mjini, au ya yatima mwenye kifurushi cha nguo. Waliofungua walikuwa hasa wanawake, na wengi wao walikuwa nyanya waliokwisha kuzika watoto wao. Waliwaosha wagonjwa wakati ambapo wengi waliamini kwamba kuwagusa kunaua, na katika nyumba ambazo majirani walizinyoshea kidole kwa sababu ya mwiko. Walikuwa na hofu mbili za kutosha. Walifungua hata hivyo. Ikiwa pana mahali pa kuutafuta ule ujasiri ambao Waraka wa Yohana unauzungumzia, ni hapo, na si lazima wanawake hao wawe waliwahi kusema neno lolote juu ya siku ya hukumu.

Kiswahili kinalo neno la kuieleza hali yao. Lugha hii hutofautisha kuogopa na kucha. Mcha Mungu si mwoga, na tafsiri ya Biblia ya Kiswahili ilipata bahati ya kulikuta neno hilo likingoja. Katika Dholuo, luoro, yaani hofu, na luor, yaani heshima, yametamkwa kwa ukaribu wa ndugu. Mwoga hujitazama, na mwenye kicho humtazama aliye mbele yake. Ndiyo maana Maandiko yanaweza kuikemea hofu katika ukurasa mmoja na kuamuru kicho katika mwingine bila kujipinga, jambo ambalo lugha zenye neno moja tu kwa yote mawili hulieleza kwa taabu.

Kusini zaidi, katika kaunti ya Migori, upo mlima wa Got Kwer, mahali patakatifu pa Legio Maria, kanisa lililotoka katika Ukatoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960. Simeo Melkio Ondetto, aliyefariki mwaka 1991, anaaminiwa na wafuasi wake wengi kuwa Kristo aliyekuja kwa mwili wa Mwafrika, na katika mapokeo yao Maria naye alitembea miongoni mwa Waluo kwa umbo la mwanamke mzee. Makanisa mengine huyaona mafundisho hayo kuwa ni upotofu, na si kazi ya mhakiki kuamua. Lakini mtu aliyekua akikisikia kisa cha Simbi hakuhitaji kushawishiwa sana kwamba mbingu inaweza kufika mlangoni kwa sura ya bikizee mweusi aliyechoka. Hakimu mwenye uso wa jirani ni vigumu zaidi kumwogopa, na ni rahisi zaidi kumfukuza.

Limebaki swali moja juu ya kisakale chenyewe. Mwanamke yule alipoonywa alikwenda kumwita mumewe. Kutoka nyumbani kwake hadi karamuni palikuwa na milango mingine, na nyuma ya milango hiyo, watoto. Masimulizi yanayofahamika zaidi hayasemi kama alisimama hata mmoja. Wakusanyaji wa fasihi simulizi wangelifaa somo hili kama wangewauliza fanani wa Karachuonyo juu ya mwendo huo mfupi, kwa maana jibu lao ndilo lingeonyesha kama mwanamke yule alikuwa huru na hofu, au aliokoka tu.